Mwanafunzi Bora wa Mwalimu Damascène

Simu ya Mama Yasmina iliingia Jumatatu asubuhi, Mwalimu Damascène akiwa katikati ya sentensi. Alikuwa anasoma notsi zake za fizikia kwa sauti, polepole, neno baada ya neno, na wanafunzi arobaini na wawili wa kidato cha sita walikuwa wameinamisha vichwa wakiandika. Hivyo ndivyo alivyofundisha kwa miaka kumi na tisa. Hakuna aliyenyoosha mkono, na hilo lilimpendeza. Kwake, darasa lililotulia lilikuwa darasa linaloelewa.

Hakuwa mtu wa kupokea simu darasani. Lakini jina aliloliona kwenye kioo lilikuwa la mama wa mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Yasmina alikuwa amemaliza hapo shuleni, Kibagabaga, miezi saba iliyopita, kwa alama tisini na sita za fizikia katika mtihani wa taifa. Picha yake kubwa kama mlango, akiwa na hijabu nyeupe, ilikuwa imetundikwa langoni upande wa barabara ya hospitali. Wazazi waliokuja kutafuta nafasi walioneshwa kwanza picha hiyo, kisha wakaoneshwa Damascène. Sasa msichana alikuwa chuo kikuu, mwaka wa kwanza wa uhandisi. Mwalimu akatoka nje ya mlango, akapokea.

"Samahani kukusumbua, Mwalimu," alisema Mama Yasmina. "Nilitaka kukushukuru tu. Wiki ya tatu hii unamvumilia binti yangu akija kusoma kwako kila siku. Anaendeleaje?"

Damascène hakuwa amemwona Yasmina tangu mwezi wa tisa.

Mwalimu na mama huyu walizoea kuongea Kiswahili. Mwalimu alikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako hata ugomvi wa watoto ulikuwa wa Kiswahili. Mama Yasmina alikuwa mshonaji wa Remera, na babu yake alifika Rwanda kutoka pwani na marobota ya vitambaa. Kwa miaka sita walikuwa wameongea juu ya mtoto huyu bila kukwaruzana, na mwalimu hakuwahi kukosa neno la kumjibu. Siku hiyo alijibu kabla ya kufikiri. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Anaendelea, Mama Yasmina. Niko darasani, nitakupigia."

Akakata simu. Alirudi ndani, akatafuta alipoishia kusoma, akapakosa. Wanafunzi walimsubiri kalamu zikiwa juu, hata mmoja asimkumbushe.

Mapumziko yalipofika alimpigia Yasmina. Simu ilikuwa imezimwa. Akamtafuta Ndihokubwayo, kijana aliyemaliza mwaka mmoja na Yasmina na kuingia naye chuo kilekile, kozi ileile. Huyu hakuna aliyemtundika langoni. Alipata alama sitini na moja, na alizipata kwa jasho, kwa sababu alifika kutoka Burundi akiwa kidato cha nne na kila somo lilikuwa limeshamtangulia.

Ndihokubwayo hakuuma maneno. Yasmina hakuonekana darasani kwa wiki tatu, tangu matokeo ya jaribio la fizikia yabandikwe. Alikuwa amepata alama nne kati ya ishirini, na jaribio la hisabati lilikuwa baya vilevile. Kulikuwa na mtihani wa marudio wa fizikia wiki iliyofuata, lakini aliyekosa vipindi vingi kama yeye ilibidi aende mwenyewe kwa mhadhiri, Dokta Christella, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asipokwenda, mwaka umempotea.

"Na wewe ulipata ngapi?" Damascène aliuliza.

"Tisa, Mwalimu. Ila mimi nilishazoea kutoelewa. Nikikwama nauliza. Yeye hajawahi kukwama, kwa hiyo alidhani ameugua."

Jumanne ilipita hivyo hivyo. Damascène alipiga simu mara kumi na moja, haikupatikana. Alijiambia kwamba atampigia mama yake akishajua la kumwambia. Moyoni alijua anamdanganya mtu aliyemwamini, na kila saa iliyopita iliufanya uongo wake uzidi kukua. Mawazo yakamtembeza kila mahali. Alifikiria mwanamume. Alifikiria ugonjwa. Alifikiria na jambo jingine ambalo hakutaka kulipa jina, kwa sababu ujanani aliwahi kusoma darasa moja na kijana aliyefeli na hakurudi nyumbani, na kaburi lake analijua.

Jumatano aliomba ruhusa ya asubuhi. Alijua kwamba Yasmina alisema nyumbani, kule karibu na njia panda ya Sonatubes, kuwa anakuja Kibagabaga; na kama alimdanganya mama yake kwa uangalifu, basi alipanda basi la kweli la kuja Kibagabaga. Akasimama nyuma ya kibanda cha kuuzia vocha, mkabala na kituo, tangu saa moja. Mabasi matatu yalipita. Kwenye la nne akashuka msichana aliyekonda, mkoba mgongoni, hijabu imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

Hakumwita. Aliogopa asije akakimbia. Alimfuata kwa mbali, akaona anavuka barabara mapema, kabla ya kufika shuleni, na kutembea upande wa pili uso akiutazamisha ukutani. Alipopita lango la shule alivuka tena na kuingia hospitali. Damascène aliharakisha asimpoteze. Alimwona akipita dirisha la kujiandikisha bila kusimama, akipita mlango wa wajawazito, akipita maabara, mpaka kwenye mabenchi ya watu wanaosubiri wagonjwa wao. Hapo akaketi, katikati ya mama mwenye chupa ya chai na mzee aliyesinzia. Akafungua mkoba, akatoa daftari.

Mwalimu alilitambua kabla hajafika karibu. Lilikuwa daftari la notsi zake.

Aliketi pale aliponyanyuka yule mama wa chai. Yasmina aliinua macho, akamwona. Hakuamka. Alifunga daftari taratibu na kuliwekea mikono yote miwili juu yake.

"Mama anajua?" akauliza.

"Bado."

"Hapa hakuna anayekuuliza unasubiri nini," alisema Yasmina, kama mtu anayetoa hesabu ya makosa yake. "Watu wote wanasubiri."

Alimweleza kidogokidogo, macho yakiwa sakafuni. Wiki ya kwanza chuoni alingoja mhadhiri asome notsi ili aandike, na mhadhiri hakusoma. Alitaja sura nne za kitabu, akaongea juu ya mambo mengine kabisa, akaondoka. Yasmina alikariri sura zote nne. Usiku na mchana alikariri, kama alivyokuwa akikariri siku zote, mpaka akaweza kuzisema akiwa amefumba macho. Kisha lilikuja jaribio, na ndani yake hapakuwa na swali hata moja alilowahi kuliona. Wenzake walikaa vikundi vikundi wakibishana. Yeye aliona haya kuketi nao, maana wote walijua ndiye yule wa tisini na sita. Angeulizaje? Mtu wa picha langoni anauliza nini?

Damascène alitaka kumwambia kwamba yeye ni hodari, kwamba ni mpito tu. Alishaanza kufungua mdomo, Yasmina akamkatiza. Hakuinua sauti.

"Mwalimu, ulinipa majibu yote. Maswali yote ya miaka kumi iliyopita, na majibu yake. Hukuwahi kunipa swali ambalo wewe hulijui."

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameambiwa mengi na wanafunzi, mengi yakiwa ya shukrani. Hakuna lililomwingia kama hili. Hasira ilimpanda kwanza. Nani aliyebaki shule Jumamosi kwa ajili yake? Nani aliyemnunulia hata kalamu siku ya mtihani wa taifa? Akayameza. Alikumbuka lile darasa la Jumatatu, vichwa arobaini na viwili vimeinama, na hakuna aliyemwambia amepoteza mstari.

"Hiyo karatasi ya jaribio unayo?" akauliza.

Alikuwa nayo, imekunjwa mara nne. Swali kubwa lilikuwa hivi: tangi lililo wazi juu lina tundu dogo chini, kadiria muda ambao maji yatachukua kumalizika, kisha eleza kwa nini saa haitakubaliana na jibu lako. Yasmina alikuwa ameandika kanuni, safi, kama ilivyo kitabuni. Chini yake palikuwa patupu. Damascène alisoma swali mara mbili, akatoa kalamu. Sehemu ya kwanza aliianza vizuri. Sehemu ya pili ikamshinda. Kwa nini saa isikubaliane? Kalamu ilisimama juu ya karatasi, na msichana alikuwa anaitazama kalamu hiyo. Angeweza kusema ana kipindi, akaondoka. Ingekuwa rahisi mno.

"Sijui," alisema.

Yasmina alimtazama usoni kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Kabla ya jambo lolote, walipaswa kwenda Remera kwa Mama Yasmina. Yasmina aliomba wasubiri mpaka baada ya Ijumaa, ili walau awe na habari njema ya kuanzia. Mwalimu alikataa, na alipokataa alijua kwamba anajikataza na yeye pia. Walipanda basi. Duka la Mama Yasmina lilikuwa chumba kimoja nyuma ya uwanja wa Amahoro, cherehani mbili na pazia. Baba wa nyumba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na wiki hiyo alikuwa barabarani kuelekea Dar es Salaam, kwa hiyo yote yalimkuta mama peke yake.

Yasmina alisema mwenyewe, akiwa amesimama, kwa sentensi fupi fupi. Nne kati ya ishirini. Wiki tatu. Hospitali. Ijumaa saa sita. Mama yake aliondoa mguu kwenye cherehani. Alimvutia binti yake kiti, akamkalisha kama mgonjwa. Kisha akamgeukia Damascène.

"Mwalimu, leo ni Jumatano. Mimi nilikupigia Jumatatu."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniambia anaendelea."

Mwalimu alisema aliona aibu, na kwamba alikosa. Mama Yasmina alilia kidogo, akajifuta kwa pembe ya mtandio, akauliza siku zilizobaki ni ngapi. Alipoambiwa ni mbili, alisema basi wasizimalize kwa kukaa dukani kwake.

Alhamisi mchana, baada ya vipindi, Yasmina alifika nyumbani kwa mwalimu. Ndihokubwayo alikuwepo pia. Aliitwa, akakubali, na alipomwona Yasmina hakusema lolote juu ya wiki tatu. Mke wa Damascène, Mukasine, aliwaachia ua wa nyuma. Mwalimu alikuwa amekata kichwa cha dumu la plastiki la lita tano na kulitoboa karibu na kitako kwa msumari mnene. Walipima upana wa tundu, kina cha maji na upana wa dumu. Wakakokotoa. Jibu likatoka dakika nne na sekunde kumi.

Wakaachia maji. Ndihokubwayo alishika simu ya kuhesabu muda. Dakika nne zikapita na maji bado yalikuwa yanatiririka bila haraka. Tano. Sita. Yalikatika kwenye dakika ya saba kasoro kidogo.

Yasmina alifanya alichofanya siku zote: alishika daftari kutafuta lilipoandikwa. Mwalimu aliligeuza daftari uso chini. Msichana alisema hawezi, kwamba hajui aanzie wapi. Damascène alisema hata yeye hajui. Akajaza maji upya. Walirudia mara ya pili, ya tatu, ya nne. Ndihokubwayo alitoa mawazo, na mengi hayakuwa na maana. Alisema labda upepo. Alisema labda simu ni mbovu. Yasmina alicheka bila kutaka, kisha akaanza kumbishia, na katika kubisha akapiga magoti kwenye matope kuonesha.

Hapo ndipo alipoona. Mchirizi wa maji haukuwa mpana kama tundu. Ulipotoka tu ulijibana, ukawa mwembamba kuliko mlango wake.

"Tumehesabu tundu," alisema polepole. "Maji hayatumii tundu lote."

Mwalimu alipiga magoti naye, bila kujali suruali yake ya shule, akatazama. Wakapima mchirizi kadiri rula ilivyoweza, wakarudia hesabu, na safari hii ikatoka dakika sita na kitu. Ndihokubwayo aliruka. Yasmina hakuruka. Alibaki amechuchumaa, anatazama maji, machozi yakimtoka, na Damascène hakujua kama ni ya furaha au ya wiki tatu zilizopotea. Alimwacha.

Lakini dumu moja halitengenezi mtihani, na Ijumaa ilikuja na sura yake. Dokta Christella aliwapokea saa tano na nusu, mlango wazi, mwanamke mkavu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Damascène alitaka kuongea kwanza. Akaombwa angoje nje, mlango ukafungwa. Alisimama ukumbini, akisikia sauti bila kupata maneno. Saa sita kasoro dakika tano. Saa sita kasoro mbili. Alijiona kama mzazi mlangoni pa chumba cha upasuaji.

Yasmina alipotoka alikuwa na karatasi mkononi. Dokta hakumuuliza alikuwa wapi, alisema. Alimuuliza kitu gani hakielewi. Na yeye alitaja vitu saba. Dokta aliviandika vyote, kisha akamwambia kwamba wanafunzi wengi wanaokuja ofisini siku ya mwisho husema hawaelewi chochote, na hao hajui awasaidieje. Jina lake limeingizwa. Mtihani ni Jumatano, na hatapewa hata dakika moja ya huruma.

Siku tano hizo zilikuwa ngumu kwa wote. Yasmina alisoma na Ndihokubwayo na wasichana wawili wa kikundi cha kijana huyo, na mara mbili aliondoka katikati akiwa amekasirika, na mara mbili akarudi. Mama yake alimpigia Damascène Jumapili. Alisema bado ana kinyongo naye, na kwamba anamwombea.

Yasmina alipata kumi na moja kati ya ishirini. Alivuka alama ya kufaulu kwa moja tu. Hisabati hakuiponya, atairudia mwaka ujao, akiketi na watakaokuja nyuma yake, na kwenye uhandisi akaendelea kwa mwendo wa kawaida, akipata kumi na mbili hapa, kumi na nne pale. Hakuwa tena wa kwanza. Siku moja alimwambia Damascène kwamba kuwa wa kumi na saba hakuchoshi kama kuwa wa kwanza, kwa sababu hakuna anayekutazama unapokosea.

Kwa mwalimu, taabu ndiyo kwanza ilianza. Aliacha kusoma imla. Aliingia kidato cha sita na swali moja ubaoni, akaketi. Wiki ya kwanza wanafunzi walidhani anaumwa. Wiki ya pili walilalamika. Mtihani wa majaribio wa muhula ulipofika, wastani wa darasa ulishuka kwa alama kumi na mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mkuu wa shule, Madamu Pudentienne, aliyejenga jina la shule hiyo kwa jasho lake, alimwita kwenye kikao cha wazazi na kumtaka ajieleze.

Ukumbi ulijaa. Mzazi mmoja, Donatille, mwenye duka wa pale pale mtaani, alisimama na kuuliza kwa nini mwanawe alikuwa anapata tisini na sasa anapata sabini na nane, na anarudi nyumbani akisema mwalimu amekataa kumpa jibu. Watu walipiga makofi. Damascène aliwasimulia yaliyotokea, bila kutaja jina la msichana. Alisema alituma chuoni watoto waliojua kila kitu isipokuwa cha kufanya wasipojua, na kwamba kosa lilikuwa lake. Hakuna aliyepiga makofi. Donatille alisema hiyo ni habari nzuri, lakini mtihani wa taifa hausubiri hekima ya mtu.

Madamu Pudentienne alitafuta njia ya kati, kama ilivyo kazi yake. Notsi zitapigwa chapa na kugawiwa, ili mtoto yeyote asikose. Vipindi atavitumia anavyotaka. Na mwisho wa mwaka matokeo yatasema. Yakishuka, fizikia ya kidato cha sita itapewa mtu mwingine. Damascène alikubali. Hakuona vinginevyo angefanya nini, na usingizi haukuwa rafiki yake miezi ile.

Mwaka haujaisha, na matokeo hayajatoka bado. Wiki iliyopita, katika kipindi cha mwisho cha Alhamisi, msichana mmoja wa dawati la nyuma aitwaye Kaliza, ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kufungua mdomo, alinyoosha mkono na kumwambia kwamba mstari wa tatu ubaoni haufuatani na wa pili. Damascène aligeuka, akatazama. Alichukua muda. Kisha akampa chaki, akasogea pembeni ili apite.